Jiwe Bovu: Shajara ya Mlali

9 Septemba 2023

Moto umepita tena kwenye miteremko ya juu ya kijiji. Ulianzia kwa watu waliokuwa wakisafisha mashamba, upepo ukaupandisha hadi kwenye majabali. Asubuhi nimepanda kuangalia. Nyasi zote zimeteketea na mawe yaliyokuwa yamejificha yamebaki uchi. Jabali moja, kubwa kuliko nyumba ninayokaa, limebanduka ubavu mzima upande ulioukabili moto. Vibanzi vimelala chini, vingine upana wa kiganja, vingine upana wa sinia, unene wa vidole viwili. Nje ni vyeusi kwa masizi, ndani vyeupe, na kingo zake zinakata ngozi.

Jiwe halipitishi joto haraka. Moto ukilipiga usoni, tabaka la nje linatanuka wakati ndani bado pamepoa, nalo likikosa pa kwenda linaachana na mwili wake. Halafu madini ya jiwe moja hayatanuki kwa kiasi kimoja. Jiwe letu, naisi, lina kwatzi, feldispa, ulanga na punje nyeusi za hornblendi, na kila moja inavutana na jirani yake.

Lakini nyufa za moto si nyufa pekee pale. Zipo nyingine ndefu, zinazofuata mgongo wa jabali tangu juu hadi chini, na hizo hazikuletwa na moto wowote. Miamba ya milima ya Uluguru ilipikwa na kukandamizwa zaidi ya kilomita 20 chini ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Kila kilichokuwa juu yake kimeshaondoka. Jiwe lililozoea kubeba mzigo ule, mzigo ukiondoka linavimba kuelekea juu na kupasuka matabaka. Nimeingiza kisu katika ufa mmoja, kikazama chote. Mvua za vuli zitaingia humo kabla sijarudi.

17 Septemba

Nimekaa na akina mama wanaoponda kokoto kando ya barabara. Nilimwamkia mkubwa wao, akaniitikia marahaba, akanisogezea ndoo nikae. Mawe yanaletwa na vijana wanaoyang'oa kwa mtalimbo na tindo, wao wanayavunja kwa nyundo hadi kufikia robo tatu au nusu inchi, kisha wanangoja lori la tipa.

Mama yule mkubwa kila jiwe analipiga mara moja kabla ya kulianza. Nilimwuliza kwa nini. "Mwalimu, hili zima, sikiliza." Lilitoa mlio mkali kama wa chuma. Akagonga la pili: sauti ikafia ndani. "Hili bovu. Hili fundi atalikataa." Akalitupa pembeni, kwenye rundo la kifusi.

Nimeliokota na kuja nalo. Kwa macho halina tofauti na lenzake. Nimelipasua mezani. Katikati bado ni gumu, lakini kuzunguka kiini kile pana ukanda wa rangi ya kutu, na katika ukanda huo feldispa imepoteza mng'ao wake na kuwa nyeupe ya chokaa. Nikiikwaruza kwa ukucha, inatoka unga. Maji yameingia humo kutoka pande zote, yakala pembe kwanza kwa sababu pembe hushambuliwa kutoka pande mbili na tatu, ndiyo maana kiini kimebaki mviringo. Majabali ya mviringo tunayoyaona milimani, ambayo watoto huniuliza nani aliyaviringisha, mengi hayakuviringishwa na mtu wala mto. Yalilika pembe yakiwa bado chini ya udongo.

2 Oktoba

Kitabu cha kidato cha tatu, kwenye mada ya kuvunjika kwa mawe, kinaanza na barafu. Maji yanaganda kwenye nyufa, yanatanuka kwa karibu asilimia 9, jiwe linapasuka. Ni kweli, na juu ya Kilimanjaro ndivyo ilivyo. Kwa mtoto wa Mlali ambaye hajawahi kuona maji yakiganda nje ya friji, ni habari ya watu wengine. Baada ya barafu kinakuja jangwa: jua la mchana na baridi ya usiku vinavunja mawe. Hili la pili linanisumbua zaidi, kwa kuwa wanafunzi wanalikariri na kulijibu kwenye mtihani bila kulichunguza.

Mwaka 1936 Mmarekani David Griggs alichapisha jaribio ambalo ningetamani kila mwalimu alijue. Alichukua kipande cha itale kilichosuguliwa kikang'aa, akakipasha joto na kukipoza kwa mashine, tofauti ya nyuzi kama 110 za Selsiasi, zaidi ya mara 89,000. Hiyo ni sawa na mchana na usiku wa miaka 244. Katika hewa kavu, hakuona badiliko lolote hata kwa hadubini. Kisha akafanya tena, safari hii akipoza kwa kunyunyizia maji. Kwa mizunguko inayolingana na miaka miwili na nusu tu, uso ule ulipoteza mng'ao na nyufa zikaanza.

Moto wa porini ni jambo jingine, huo una mamia ya nyuzi kwa dakika chache. Kwa jaribio lile, jua peke yake kwenye jiwe kavu lina nguvu ndogo mno kuliko tunavyofundisha. Nimewasomea darasani takwimu za Griggs za hewa kavu na kuwaacha wabishane. Walipofika kwenye neno "maji" wao wenyewe, bila mimi kulitaja, kengele ililia na hakuna aliyesimama.

21 Oktoba

Nipo kwa mjomba, Mgeta. Gari lilitushusha njiani kwa pancha, nikapata muda wa kutosha kwenye ukingo uliokatwa na greda.

Ukingo ule una kimo cha watu watatu. Ukiwa mbali unasema ni mwamba: mistari ya naisi ipo, myeupe na myeusi, imepinda kama ilivyopindwa chini ya ardhi enzi zile. Ukiugusa, kidole kinazama. Ni kama kiazi kilichopitiliza kuiva, umbo lote limebaki na ndani hakuna kinachoshikana. Kilichosalia imara ni mshipa mmoja wa kwatzi, mweupe, upana wa mkono, unaokata ukingo mzima kutoka juu hadi chini ukiwa mahali pake pale pale. Hakuna kilichohamishwa hapa. Mwamba umeoza umesimama.

Ninaandika jinsi inavyotokea ili niweze kuwaeleza wanafunzi bila kukimbilia fomula. Tone la mvua linapodondoka tayari lina asidi kidogo, kwa kuwa limechukua kaboni dioksidi hewani. Gesi hiyo ni chache, hewa yetu ina kama asilimia 0.04 tu. Kazi kubwa inaanza tone likiingia ardhini. Mizizi inapumua, vijidudu vinavyoozesha majani vinapumua, na hewa iliyonaswa katikati ya punje za udongo inaweza kuwa na gesi hiyo mara kumi hadi mara mia ya ile ya nje. Maji yanapita humo na kutoka na asidi zaidi. Yakifika kwenye feldispa, haidrojeni inachukua nafasi ya potasiamu, sodiamu na kalsiamu. Madini hayo yanayeyuka na kuondoka na maji. Aluminiamu na sehemu ya silika vinabaki, vinajipanga upya kuwa kaolini, udongo mweupe laini. Punje nyeusi zenye chuma zinakutana na oksijeni, na chuma kinakuwa kutu: nyekundu kule chini kwenye joto na ardhi isiyotuamisha maji, na ya njano zaidi kadiri unavyopanda kwenye baridi na unyevu. Nimeliona hilo kwa macho leo kutoka dirishani, rangi ya kingo za barabara ikibadilika taratibu tangu Mlali hadi huku.

Huku Mgeta kuna mwamba mkubwa wa anothosaiti, ambao karibu wote ni feldispa ya kalsiamu na sodiamu. Mwaka 1938 Samuel Goldich alionyesha kwamba madini yaliyozaliwa kwenye joto kubwa zaidi ndiyo huoza mapema, na feldispa yenye kalsiamu ipo upande huo wa mapema, huku kwatzi ikiwa ya mwisho kabisa. Kwa hiyo anothosaiti kwenye mvua ya milima hii haina pa kujificha.

Na hili ndilo lililonikosesha usingizi, ndiyo maana naandika kwa tochi ya simu. Sehemu nyeupe za mwezi, zile tunazoziona kwa macho, ni anothosaiti. Mwaka 1971 wanaanga wa Apollo 15 walirudi na kipande chake, chenye umri wa kama miaka bilioni 4. Kipo vile vile. Mwezi una joto la kuunguza mchana na baridi kali usiku, uso wake umepigwa na vimondo hadi ukasagika kuwa vumbi, lakini vumbi lile halijawa mfinyanzi wa kupandia hata mbegu moja ya kabichi. Mwamba wa jamaa yake hapa Mgeta unaotesha kabichi, karoti, njegere na viazi vinavyoshuka kila siku kwenda sokoni Morogoro na Dar es Salaam. Tofauti yao ni maji na pumzi ya mizizi.

22 Oktoba

Mjomba hasemi sana, ila jana usiku nilipomweleza habari ya ule ukingo, alizungumza. Februari 1970 alikuwa mtoto wa shule. "Mpwa wangu, sisi tulidhani ni ngurumo. Kumbe ni shamba la jirani linashuka. Ukigeuka huku, na huku nako linashuka."

Tukio hilo limeandikwa. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya karibu milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda usiotimia saa tatu, na maporomoko zaidi ya 1,000 yakatokea kwenye miteremko hii. Paul Temple na Anders Rapp waliyapima na kuchapisha utafiti wao mwaka 1972. Mengi yalikuwa ya kina kifupi, mita moja hadi moja na nusu, yakichukua tabaka la juu na kuliacha jiwe bovu lililo gumu zaidi chini yake. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba, mashamba yaliyolazwa na malisho. Yaliyoanzia chini ya miti hayakufika hata moja katika mia.

Mjomba akanipeleka kwenye kovu moja. Limeota nyasi, na mahindi ya pembeni yana kimo cha mtu. Ndani ya kovu yanaishia kiunoni. Zaidi ya miaka 50 imepita.

Jioni wazee wawili wa ukoo walikuja, mazungumzo yakaangukia matuta ya ngazi ya Waingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchonga miteremko kuwa ngazi chini ya Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru. Upande wa Matombo watu walichoka, na Julai 1955 fujo zikalipuka, polisi wakafyatua risasi na mtu akauawa. Historia hiyo husimuliwa kama siasa, na ni siasa kweli. Ila ndani yake kuna sayansi ya udongo ambayo mkulima aliijua kwa jembe. Huku kwetu mvua imeshaosha sehemu kubwa ya chakula cha mmea kutoka katika udongo wa kati. Kilichobaki kinazunguka karibu na uso, kwenye majani yanayooza na mizizi. Ukichonga ngazi kwenye udongo usio na kina, unafukia uhai chini na kupandisha kaolini tupu juu. Wazee wanasema mama zao waliona mavuno yakipungua msimu wa kwanza tu. Aliyewaamrisha hakuwauliza.

12 Novemba

Mvua imeanza. Darasani tumekamua ndimu. Mtoto mmoja ana shangazi Matombo, akaja na kipande cha marumaru ya huko. Tuliisaga kidogo, tukaidondoshea ndimu, ikatoa mapovu. Tukadondoshea kwatzi: kimya. Tukadondoshea feldispa: kimya pia, na hapo wengi walisema feldispa haiyeyuki. Nikawapa lile jiwe bovu la kokoto walikwaruze. Marumaru huonyesha kwa dakika, na ndiyo maana Matombo kuna mapango. Feldispa inahitaji muda ambao somo la dakika 80 halina.

Kisha tukateremka mtoni na kuchukua mchanga. Waliutenganisha kwa sindano juu ya karatasi: kwatzi nyingi kupita vyote, vipande vya ulanga vinavyometa, punje chache nyekundu za garneti, na nyeusi zilizorukia sumaku ya spika. Feldispa ilikuwa chache sana. Hawakuhitaji kuambiwa imekwenda wapi, walikuwa wamesimama juu yake, kwenye tope la ukingo.

16 Desemba

Tangu tarehe 3 hakuna linalozungumzwa ila maporomoko ya Katesh. Waliokufa wamepita 80. Wataalamu wa serikali wanasema sehemu ya Mlima Hanang yenye miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikashindwa kujibeba, ikameguka, ikashuka ikiwa tope, mawe na magogo hadi mjini.

Hanang ni mlima wa volkano, mawe yake si ya kwetu. Majivu na lava vina madini yanayooza upesi kuliko naisi. Lakini kanuni ya maji ndani ya jiwe bovu ni ile ile. Kila tundu dogo lililoachwa na feldispa iliyoyeyuka ni nafasi ya kukaa maji. Udongo ukijaa, maji yanabeba sehemu ya uzito uliokuwa unazishikisha punje, msuguano unapungua, na mteremko uliokaa karne nyingi unaondoka kwa dakika. Nimeangalia picha za televisheni na kumkumbuka mjomba. Baada ya taarifa nilimpigia simu. Aliniambia Mgeta mvua ni nyingi na usiku hawalali vizuri.

Nawaombea waliofiwa. Sina la kuongeza.

28 Januari 2024

Mto Mlali unapita mwekundu mchana na usiku. Nimejaza chupa na kuiacha dirishani: mchanga ulituama mara moja, tope laini lilichukua hadi asubuhi, na maji ya juu hadi sasa hayajang'aa. Punje za kaolini ni ndogo mno, zinaelea. Yote haya yanaelekea Bwawa la Mindu, ambalo mji wa Morogoro unalitegemea kwa maji tangu miaka ya 1980, na kila msimu bwawa linapoteza sehemu ya tumbo lake kwa tope. Yasiyotuama hapo yanafuata Ngerengere, kisha Ruvu, hadi baharini karibu na Bagamoyo.

17 Machi

Leo nilikuwa kwenye shamba langu la nyanya, kule bondeni. Udongo ni mweusi, unanata kwenye jembe sasa, na kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Shamba la jirani, mita mia chache juu yake, ni jekundu na linapitisha maji.

Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Tanga, aliona mpangilio huu katika Tanganyika nzima katikati ya miaka ya 1930 na kuupa jina katena, jina ambalo leo linatumika duniani kote. Udongo wa mlimani na wa bondeni haufahamiki ukitenganishwa. Kalsiamu, magnesiamu na silika vilivyooshwa kwenye jiwe la juu vinashuka, na pale maji yanapokosa njia ya kutoka vinakutana na kujenga mfinyanzi wa aina nyingine, ule unaovimba ukilowa. Rutuba ya nyanya zangu iliwahi kuwa punje za feldispa na hornblendi juu huko. Ndiyo maana siwezi kukubali maneno niliyoyasikia sokoni wiki hii, kwamba mambo ya milimani ni ya watu wa milimani.

20 Aprili

Wanafunzi wameomba kuchimba mashimo tuone kina cha udongo. Tumechagua mteremko mmoja, wenye mashamba yote wakaruhusu, na tumechimba katika sehemu tofauti kuanzia juu hadi kwenye barabara. Kijana wa kwanza aliniuliza mita moja ya udongo inachukua muda gani kutengenezwa na jiwe. Nimemjibu kwa viwango vilivyopimwa sehemu nyingi za dunia kwenye miamba ya namna hii: milimita 10 hadi 100 kwa miaka elfu. Kwa hiyo mita moja ni miaka elfu kumi ikienda haraka, laki moja ikienda polepole. Akakokotoa upya mwenyewe kwenye mkono kwa kalamu, akanyamaza.

Binti mmoja alikuja na swali gumu zaidi: "Mwalimu, mlimani ndiko tunakopata chakula. Tukiacha kulima, tule nini?" Sijawaambia waache. Nimewaambia watafute kina kwanza, kwa sababu shamba lenye kina cha mtu na shamba lenye kina cha goti hayawezi kulimwa kwa namna moja. Penye goti, miti na nyasi za kudumu zina haki ya kwanza, na jembe lifuate mkingamo. Penye kina, mahindi na maharage yapo salama zaidi, mradi udongo haukai wazi mvua ya kwanza ikipiga.

Chini kabisa hatukufika kwenye jiwe bovu hata tulipozidi kimo changu. Katikati tulilikuta usawa wa kiuno. Juu, kwenye shamba la baba wa kijana yule yule, sululu iligonga mistari ya naisi chini kidogo ya goti. Baba yake alikuwepo. Aliingia shimoni, akavunja kipande kwa vidole, akakinusa, akaniuliza majani ya kuzuia udongo yanauzwa wapi. Nikamwambia kwa mjomba wangu Mgeta hayauzwi, yanakatwa bure kwenye kingo za matuta, na Jumamosi naenda huko. Ameomba magunia mawili.